Gari la Mzee Likichinjwa

Akina mama wengi wanaokwenda Nairobi kununua vitu vya jumla huishia River Road. Wachache huteremka hatua chache zaidi, upande wa mto, hadi Barabara ya Kirinyaga. Tumezoea kuambiwa kwamba huko ni kwa wanaume. Huko ni oili na nyundo, na vijana wanaokimbilia kila gari linalopunguza mwendo wakiuliza, "Unatafuta nini, mama?" Lakini barabara hiyo ina mambo ambayo kila mama mwenye nyumba angefaa kuyajua, hasa kama kuna gari kuukuu limelala uani kwake. Mwezi huu tunawakaribisha mwandamane nasi huko.

Barabara ya Kirinyaga huanzia karibu na mahali panapoitwa Globe, ikafuata bonde la Mto Nairobi. Wakati wa ukoloni iliitwa Grogan Road, na hadi leo watu wengi huuita mtaa wa gereji ulio karibu na mto kwa jina hilo, Grogan. Ewart Grogan alikuwa mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Tena mwaka 1947 alianzisha hospitali ya watoto kwa kumbukumbu ya mkewe, Gertrude, na mama wengi wa Nairobi wamewapeleka watoto wao huko. Siku hizi jina lake limebaki midomoni mwa wauza bampa na rejeta.

Upande wa barabara kuna maduka ya spea mpya, zimepangwa kwenye rafu nyuma ya waya. Ukiingia vichochoroni utakuta spea zilizokwisha kutumika. Milango ya magari imesimamishwa kama vitabu. Taa za mbele zimetundikwa ukutani kwa jozi. Injini zimekaa chini juu ya matairi, zimefunikwa kwa plastiki. Hapa ndipo tuliposikia neno lililotufanya tutazamane. Mafundi hawasemi gari "limefunguliwa" ili liuzwe vipande vipande. Wanasema limechinjwa.

Mwanzoni neno hilo lilitushtua. Kisha tulikumbuka jinsi mbuzi anavyochinjwa nyumbani. Aliyejua kazi yake hatupi kitu: nyama ina mahali pake, kichwa kina mahali pake, utumbo una mahali pake, na ngozi pia. Asiyejua huharibu nusu ya mbuzi na kuwalisha mbwa. Na gari ni vivyo hivyo.

Kwa nini tulikwenda

Tulikuwa tumemsindikiza mwenzetu mmoja kutoka Limuru. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia shamba dogo, watoto wanne, na Peugeot 504 iliyokuwa imesimama chini ya mkalitusi kwa miaka saba. Shemeji yake alikuwa amemleta mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na mizani yake. Gari la aina hiyo lina uzito wa kama kilo 1,200, na pesa aliyotaja mnunuzi haikutosha karo ya muhula mmoja ya mtoto mmoja. Shemeji alisema ni bahati, kwa sababu ni takataka. Mama mkwe, kwa upande wake, hakutaka gari liguswe kabisa. Ndilo lililomkimbiza hospitali usiku alipougua, na kwake kuliuza ilikuwa kama kumfukuza mwanawe nyumbani.

Mwenzetu alikwama katikati ya maneno hayo mawili, naye alikuwa na karo ya kulipa. Ndipo tulipoamua twende pamoja tukaulize watu wanaojua.

Fundi wa kwanza tuliyemwonyesha picha aliitazama kwa muda, akaita mwenzake, wakaitazama wote. "Mama," akamwambia, "usikubali bei ya kilo. Kilo ni bei ya chuma. Hii ni Peugeot."

Gari lililotubeba

Wasomaji wetu wa rika la makamo hawahitaji kuelezwa Peugeot 504 ni nini. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Halafu 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Watu waliosimama kando ya barabara wakirushiwa matope waliona wenyewe kwamba gari hili haliogopi mashimo.

Ndiyo sababu lilienea. Vipande vyake vililetwa kutoka ng'ambo, vikaunganishwa hapa Kenya, na hesabu inayotajwa ni magari kama 27,000. Daktari wa wilaya alikuwa nalo, mwalimu mkuu alikuwa nalo, na mkulima alikuwa na pikapu yake. Lile refu lenye safu tatu za viti lilifanya kazi ya kubeba abiria wa safari za mbali, hata watu wakawa wanasema tu, "Nimepanda Peugeot." Wengi wetu tumesafiri nalo kwenda Nakuru au Kisumu, mtoto magotini na kuku chini ya kiti.

Ufaransa iliacha kutengeneza saluni za 504 mwaka 1983. Hapa Kenya na kule Nigeria kazi ya kuziunganisha iliendelea miaka mingi baadaye, lakini nayo imekwisha zamani. Leo unaweza kukaa kando ya barabara kuu siku nzima usione hata moja. Lakini zipo bado. Ziko mashambani kwa wakulima wasiotaka kuachana nazo, na ziko kwa wapenzi wa magari ya zamani, ambao huyapeleka kwenye maonyesho ya magari pale Uwanja wa Mbio za Farasi wa Ngong, au kwenye mashindano ya magari ya zamani ya Safari yaliyoanza mwaka 2003. Kila moja ya hizo itahitaji taa, kioo au pistoni siku moja, na spea mpya ni za kutafuta kwa taabu. Basi 504 iliyokufa ndiyo inayoilisha iliyo hai.

Fundi alitueleza pia jambo la ndani linaloifanya injini hii itafutwe. Kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya bomba lake la chuma, ambalo mafundi huliita slivu. Bomba hilo likichakaa hutolewa zima, likatiwa jingine, na injini ikaanza maisha upya. Katika magari mengi mengine bomba ni sehemu ya injini yenyewe, na likiliwa sana kazi ya kulichonga ni kubwa. Zaidi ya hayo, injini ya lita mbili ya 504 ilitumika pia katika Peugeot 505, kwa hiyo wanunuzi wake ni wengi zaidi ya wenye 504 peke yao. Hata madigadi ya mbele hufungwa kwa bolti, hayakuchomelewa, na hutolewa kwa spana yakiwa mazima.

Karatasi kabla ya spana

Hapo tulidhani kazi itaanza kesho yake. Lakini mzee mmoja mwenye duka, aliyekuwa akitusikiliza kimya, alimwuliza mwenzetu: "Mama, logbuku ina jina la nani?" Ilikuwa na jina la marehemu. "Basi usifungue hata bolti moja."

Mzee huyo alikuwa na haki. Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakataza mtu yeyote kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa mtu hati ya kusimamia mirathi. Ni kosa, hata kwa mjane, hata kwa ndugu wa marehemu. Akina mama wenzetu, tulishike jambo hili vizuri, kwa sababu linakata pande zote mbili. Linamzuia mjane kuuza kwa haraka, lakini pia linamzuia shemeji anayekuja na mizani wakati machozi hayajakauka.

Kuna karatasi nyingine. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria inayotaka kila mnunuzi wa vyuma chakavu awe na leseni. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Serikali ilisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme na vya reli. Kwa hiyo mtu akija na mizani, ni haki yako kumwomba leseni. Na gari likichinjwa, ofisi ya usajili hujulishwa, ili nambari zake zisije zikavishwa gari la wizi nawe ukaitwa polisi.

Mwenzetu alikwenda mahakamani. Ilichukua miezi. Mnunuzi wa vyuma alirudi mara mbili na kupandisha bei kidogo, na shemeji akanuna. Gari lilikaa chini ya mkalitusi likisubiri.

Jinsi linavyochinjwa

Hati ilipopatikana, fundi alipanda Limuru, nasi tukawapo. Jambo la kwanza alilofanya ni kulala chini ya gari na kugonga sakafu kwa kijiti. Kijiti kilipenya. Ukungu wa Limuru ulikuwa umekula chuma chote cha chini. "Kama mwili ungekuwa mzima," alisema, "ningekwambia uliuze hivi lilivyo, kwa mtu atakayelifufua. Gari zima lenye karatasi zake halichinjwi. Lakini hili limekwisha miguu."

Yaliyofuata tunayaandika kwa mpangilio, kwa faida ya msomaji ambaye huenda siku moja atahitaji.

Kwanza aliiwasha injini ikiwa bado ndani ya gari. Aliweka betri ya kuazima na petroli kidogo safi, na baada ya kukohoa sana ikanguruma. Mama mkwe alitoka nje ya nyumba aliposikia sauti ile, akasimama mlangoni bila kusema neno. Fundi aliirekodi sauti kwa simu yake. Injini iliyosikika ikinguruma huuzwa tofauti na injini iliyolala chini.

Pili, aliondoa vya majimaji: oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na petroli. Vyote aliviweka katika madebe, hakumwaga hata tone ardhini. Betri ya zamani aliifunga peke yake na kuiweka juu ambapo mtoto hafiki. Ina risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto kabla hujaona dalili. Akina mama wa Owino Uhuru kule Mombasa waliyajua hayo kwa uchungu, walipoishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano yao na kupewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Vumbi la breki za zamani nalo halipulizwi kwa mdomo, kwa kuwa breki za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Tatu, alitoa vitu vinavyovunjika, yaani vioo, taa, saa za dashibodi na vipini vya milango. Hivi ndivyo wapenzi wa magari ya zamani hutafuta kwanza. Taa za mbele za 504 zina umbo lake la pekee, zimeinama pembeni kama macho yenye usingizi, na taa ya gari jingine haiingii. Viti na nyaya za umeme vilifuata.

Nne, alitundika mnyororo kwenye tawi nene la mkalitusi na kuinua injini pamoja na giaboksi. Baadaye yakafuata difu, springi na magurudumu. Ganda lililobaki, lenye kutu, ndilo peke yake lililoachiwa mtu wa vyuma chakavu, na safari hii alikuwa na leseni.

Wakati wote huo binti wa mwenzetu, aliyekuwa kidato cha pili, alikaa kwenye kigoda na daftari. Kila kitu kilichotoka alikiandika: kimetoka wapi, kiko katika hali gani, kimepigwa picha au la. Bolti za kila sehemu zilitiwa katika kopo la Kimbo lenye karatasi yake. Fundi alituambia kwamba spea isiyo na bolti zake hupoteza thamani, na kwamba mara nyingi mnunuzi husafiri kutoka mbali kwa ajili ya kitu kidogo kilichotupwa na mtu mwenye haraka.

Spea ya haki na spea ya wizi

Kuna mzaha wa siku nyingi mjini Nairobi: kioo cha pembeni cha gari lako kikiibwa asubuhi, nenda sokoni mchana ukakinunue mwenyewe. Tulicheka, lakini si jambo la kuchekesha. Tulizungumza na wafanyabiashara waliochukizwa na sifa hiyo, kwa sababu wao huandika nambari ya chesisi ya kila gari wanalonunua na hutoa risiti kwa kila wanachouza. Wapo pia wasiotaka kuulizwa.

Hapo sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Mama anayenunua kioo cha wizi kwa sababu ni rahisi anaagiza kingine kiibwe. Uliza spea imetoka gari gani. Omba risiti yenye jina na nambari ya simu. Kama muuzaji anakuambia "ngoja nusu saa nikuletee," halafu anatoweka kuelekea mahali magari yanapoegeshwa, ondoka.

Daftari la binti yule lilikuwa na faida hapo pia. Kila aliyekuja Limuru alionyeshwa logbuku, hati ya mahakama na orodha. Mnunuzi mmoja alisema amekuwa akinunua spea kuukuu kwa miaka ishirini na hajawahi kuuziwa kwa karatasi nyingi hivyo. Hakupunguza bei sana baada ya kuziona.

Pesa haikuja siku moja

Hatutaki kumdanganya msomaji. Spea haziuzwi kama maandazi. Injini iliondoka katika wiki ya pili, ikachukuliwa na mkulima wa Kinangop mwenye pikapu ya 504 ya kubebea viazi. Taa na saa za dashibodi zilikwenda kwa kijana anayelifufua gari la babu yake. Milango miwili ilingoja miezi mitano. Kuna madigadi moja ambalo mpaka tunapoandika haya liko ghalani, limepakwa grisi na kufunikwa kwa gunia.

Lakini kwa jumla, katika miezi minane, fedha zilizopatikana zilizidi mara kadhaa zile za mnunuzi wa kilo, na watoto wawili wamelipiwa karo ya mwaka. Fundi alilipwa fungu alilokubaliana na mwenzetu kabla ya kushika spana, likaandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shemeji. Jambo hilo la mwisho lilikuwa la busara. Shemeji aliyenuna alipoona hesabu iko wazi ndani ya daftari, alirudi kuwa shemeji.

Na mama mkwe je? Siku mkulima wa Kinangop alipokuja kuichukua injini, bibi alimwita kando. Alimwuliza kama pikapu yake hubeba watu wakiugua. Mkulima akajibu kwamba kijijini kwao hakuna gari jingine karibu, kwa hiyo usiku wakiugua wanakuja kwake. "Basi nenda nayo," bibi akasema, na akamwagiza mjukuu alete chai.

Akina mama wenzetu, huenda uani kwako kuna gari, cherehani ya zamani, mashine ya kusaga au pampu ya maji iliyonyamaza. Kabla mtu wa mizani hajagonga lango, jua jina lililo kwenye karatasi. Kiite kitu hicho kwa jina lake, si kwa uzito wake. Mwite fundi wawili au watatu, usimwite mmoja. Mpe mtoto wako daftari na kalamu. Halafu ndipo uamue kama kitauzwa kizima, au kitachinjwa na mtu anayejua kuchinja.